Muhogo wa Ukingoni

Wanangu husema nina macho manne, mawili ya kutazamia watu na mawili ya kutazamia sufuria zao. Sibishi. Nikialikwa harusini, kabla sijakaa napitia uani kwanza nijue nani yuko jikoni, nani anakoroga, nani anapita pita pale asipohusika. Mkamwana wangu akinipakulia mchuzi namwambia, "Kaa kwanza tule pamoja, mwanangu," naye hudhani ni mapenzi. Mapenzi yapo, lakini namngoja yeye atie tonge mdomoni ndipo nitie langu. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipata Gazi, kwenye jiko la uani la mjomba wangu, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nimekaa nayo miaka arobaini bila kumwambia mtu ilikotoka. Mwezi uliopita nikapigiwa simu asubuhi, naambiwa mjomba Athmani ametutoka. Nikafunga safari ya kwenda matangani. Siku ya tatu, wanawake tumekaa ndani tumejazana kwenye mikeka, mlangoni akaingia mwanamke mrefu, mtu mzima, amejifunga leso kifuani na nyingine kichwani, akatoa salamu kwa sauti ya chini. Waliomjua walikohoa. Nami nilimjua kabla hajafunua uso. Alikuwa Bi Mejumaa, aliyekuwa mke wa mjomba, aliyeachwa mwaka ule ule niliokaa kwao.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja majibu, nikapelekwa Gazi nikamsaidie Bibi, mamake mjomba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilitoka mjini, na kitu cha kwanza kilichonishangaza pale ni kwamba chakula hakikujua kulala. Nazi ilianguliwa saa nne, ikakunwa saa tano, saa saba tushailamba vidoleni. Samaki walifika wakirukaruka kwenye ndoo, Bibi akawapokea kwa matusi ya mapenzi, "Nyinyi mashetani mmenichelewesha." Kisamvu kilichumwa nyuma ya choo, kaa walitoka kwenye mikoko na matope yao, na asubuhi mbaazi za nazi zilichemka polepole huku mahamri yakiumuka chini ya leso. Tulikula chumba cha kati, chenye dirisha moja dogo na harufu ya moshi wa makumbi ya nazi. Mjomba alipelekewa chake barazani. Sisi wanawake watatu, Bibi, Mejumaa na mimi, tulizunguka sinia moja, kila mtu na upande wake, na nyama ya samaki ikiwa katikati Bibi ndiye aliyeichambua na kutusogezea. Kula sinia moja pale si suala la uhaba wa sahani. Mtu unayekula naye sinia moja umemkubali, na siku utakapompakulia peke yake, umemwambia neno zito bila kufungua mdomo.

Mejumaa alikuwa ameolewa miezi mitano tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu wa kusini kabisa, karibu na mpaka, mwenye maneno machache na mkono wa kupika ambao sijauona tena. Wali wake ulisimama punje punje, na ukoko wake tuligombania. Mjomba alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Diani, na kabla ya kuoa alirudi nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Baada ya kuoa akawa anarudi kila siku, na baiskeli, jua lisijali, mvua isijali. Mtu mwingine angefurahi. Bibi alihesabu. Alasiri moja nimejilaza chumbani namsikia akimwambia shoga yake upande wa pili wa ukuta, "Hotelini kuna kuku, kuna nyama, kuna keki. Mwanangu anaviacha vyote anakuja mbio kula dagaa. Dagaa gani hizo?" Shoga yake akasema, "Ati ametoka wapi vile?" Bibi akataja. Kule kulisifika kwa uchawi. Kisha shoga akasema, "Basi mtazame mikono." Mimi hapo kitandani usingizi ukaniruka. Nilikuwa msichana nisiye na la kufanya, na kwa ghafla nimepata kazi.

Bibi mwenyewe aliniita siku ya pili. "Mwanasiti, mjukuu wangu, wewe umesoma, una macho. Kaa naye jikoni. Anachotia chunguni nataka nikijue." Nami nikakaa. Namenya vitunguu, natazama. Nakamua tui, natazama. Haikupita wiki nikaona. Mejumaa aligeukia ukuta, akafungua pindo la leso yake, akatoa kitu kidogo cheusi cheusi, akakisaga kwa vidole, kikaingia kwenye mchuzi. Nilipomweleza Bibi alishika kifua. "Sikukwambia?" Kuanzia mchana ule sinia ikawa na sheria mpya. Bibi hakunyoosha mkono mpaka Mejumaa ameze. Akimeza, Bibi alitazama koo lake likishuka, ndipo akasema bismillahi yake. Mejumaa aliona, si kipofu. Siku moja aliniuliza tunapoosha vyombo, "Mwanasiti, Mama nimemkosea nini?" Nikamjibu, "Aa, uzee tu." Nilisema hivyo bila hata kupepesa. Nikikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kujizaba kofi.

Jambo jingine ni sahani. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, siku ya kumi zikafika siku zangu za mwezi, na msichana akiwa katika siku hizo hafungi wala haswali, lakini pia hatangazi. Anajikausha mbele za wanaume kana kwamba amefunga. Mejumaa aligundua kwa kuniona sikushika udhu. Hakusema kitu. Mchana nikakuta nyuma ya pipa la maji sahani imefunikwa kawa, ndani muhogo wa kuchoma na kipande cha samaki. Siku ya pili pia. Mtu mzima gani asiyeona kwamba ule ulikuwa wema? Mimi sikuona. Nilijiuliza, kwa nini anifichie pembeni, kwa nini chakula changu kitengwe na cha wengine? Nikawamwagia kuku, nikakaa chini kuwatazama wakifa. Kuku wakala, wakafuta midomo mchangani, wakaja kuomba tena. Nikasema moyoni, hee, dawa za kibinadamu haziwashiki kuku. Na tumbo langu linanguruma.

Bibi naye alikuwa amekaza kamba. Kwa kuwa tumefunga na wote tunafuturu kwa adhana moja, ile sheria ya Mejumaa kumeza kwanza haikumtosha tena. Akaniamuru, "Muhogo wa futari utachimba wewe, utamenya wewe, utaosha wewe. Yeye asiuguse mpaka unaingia chunguni." Basi nikawa nachimba. Shamba la mjomba lilikuwa nyuma ya nyumba, na siku nilipofika alikuwa amenionyesha mwenyewe: mistari miwili ya ukingoni, upande wa msituni, haiguswi. Ule ni muhogo mchungu, umepandwa kuwakomesha nguruwe na nyani. Mnyama akiuma mara moja anajua hapa hapana chakula, anageuza. Watu wakitaka kuula huuloweka siku kadhaa, huuanika, huutwanga unga. Kuuchemsha mbichi na kuula ni kujitafutia mauti. Nilimwitikia, "Naam, mjomba," na nikakumbuka neno moja tu, msituni.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo mvua ilikuwa imenyesha, na siafu wamekatiza njia yangu ya kila siku. Nilikuwa na haraka, alasiri imekwenda. Nikazunguka, nikaingilia upande wa kisimani, nikapiga jembe kwenye mstari wa kwanza nilioukuta. Sikuuliza kama mjomba alizungushia ukingo wote. Muhogo ulikuwa mnene, mzima, haujaguswa na jino la mnyama hata mmoja, wakati ule wa ndani kila siku tuliukuta umekwanguliwa na panya. Nikafurahi! Nikaumenya pale pale kisimani, nikauosha, nikamletea Mejumaa mweupe kwenye beseni.

Akaupika kwa tui la pili kwanza, kisha akamimina tui zito, akatia pilipili nzima na ndimu. Alikuwa amefunga, na mpishi aliyefunga asiyetaka kuhangaika na ulimi wake humtafuta mwenye ruhusa amwonjee, awe mtoto, au mwanamke aliye katika siku zake. Ndiyo desturi ya majiko yote niliyoyajua. Akanisogezea upawa, kwa sauti ya chini ili Bibi asisikie. "Mwanasiti, nionjee chumvi. Na kipande pia, nijue kama kimeiva." Nikaupokea. Nikageuka upande, nikaugusisha upawa kidevuni, nikamwaga kilichokuwamo kwenye majivu, nikajipangusa mdomo. Nilikuwa naliogopa lile pindo la leso yake kuliko njaa yangu. Nikamwambia, "Imekaa vizuri sana, mkaza mjomba. Na muhogo umeiva." Akatabasamu. Ulimi wangu ndio ungekuwa mlinzi wa nyumba nzima jioni ile, nami nikaufungia ndani kwa sababu ya shaka.

Adhana ikaadhiniwa. Mjomba alikuwa msikitini, hufuturu huko kwa tende kisha huswali ndipo arudi. Mejumaa alikula tende moja, akanywa maji, akaenda kuswali. Mimi nikajifanya nami naenda chumbani kuswali. Bibi, kwa umri wake na njaa, alivuta sinia mbele yake. Aliisahau sheria yake mwenyewe, kwa kuwa muhogo ule aliujua umepita mikononi mwangu toka shambani. Nilimsikia akisema peke yake, "Leo mchungu kidogo. Hizi pilipili hizi." Akaendelea. Mejumaa alipotoa salamu ya mwisho na kurudi, Bibi amekwisha kula upande wake na nusu ya upande wangu, na kichwa kimeanza kumzunguka. Akatapika. Akashika ukuta. Mjomba alimkuta amelala mkekani anahema mbio mbio, mimi napiga kelele, Mejumaa anampangusa uso. Maneno ya kwanza ya Bibi yalikuwa, "Hakula! Mwulize kwa nini yeye hakula!"

Jirani mwenye pikapu akatupeleka hospitalini. Daktari akauliza amekula nini, mjomba akajibu, "Futari tu." Daktari akamshughulikia, na baadaye akatuambia kuna kitu alichokula kimemdhuru, lakini atapona, alhamdulillahi. Yule mtu alisema lake la kidaktari. Mjomba akasikia lake. Tuliporudi nyumbani kuchukua nguo za Bibi, Mejumaa alikuwa amekaa jikoni mbele ya chungu, amekifunika. Akasema, "Mume wangu, kimebaki. Niache nile mbele yako, unione." Mjomba akakipiga teke. Kikapasuka, muhogo ukatapakaa mchangani, akaufukia kwa jembe hapo hapo. Mejumaa akanigeukia mimi. "Mwanasiti, muhogo uliuchimba wapi?" Swali lilikuwa rahisi. Nami nikaogopa kuitwa mvivu aliyekimbia siafu, basi, hofu ya kitoto tu, nikasema, "Kule kule pa siku zote."

Asubuhi nikaenda shambani. Nilikuta mashimo yangu mawili upande wa kisimani, nikaokota kipande cha mzizi kilichobaki, nikakiuma. Nilikitema papo hapo. Uchungu wake ulinikaa kooni, na nikaelewa yote, kuanzia ule unene uliokosa jino la mnyama. Mjomba alikuwa hospitalini mpaka alasiri. Nilikuwa na asubuhi nzima na mchana mzima wa kwenda jikoni na kusema, mkaza mjomba, ni mimi. Badala yake nilikata vijiti vya muhogo, nikavichomeka kwenye yale mashimo, nikasawazisha udongo kwa miguu.

Alasiri mjomba akatuweka chumba cha kati. Alikuwa na macho mekundu. Alimpenda yule mwanamke, hilo nalisema mbele ya Mungu, na ndiyo maana hakuweza kumtazama. Akauliza, "Mbali na wewe, nani mwingine aligusa chakula hiki kikiwa motoni?" Mejumaa akanitazama. Nilijua anachokingoja. Angesema, "Mwanasiti ameonja, na mtazame, mzima," angejiokoa. Lakini kusema hivyo ni kumwambia mjomba wangu, mwanamume, kwamba mpwa wake hakuwa amefunga, na kwa nini. Hakunivua nguo mbele ya mjomba wangu. Alinyamaza, akaniachia niseme mwenyewe. Nami nikatazama mkeka. Nakumbuka mpaka leo jinsi ukili ulivyosukwa, mweusi, mwekundu, mweusi. Mjomba akangoja, akangoja, kisha akatamka talaka. Mejumaa akasema, "Haya," akainuka kufunga vitu vyake. Kitandani kwake alisahau kitambaa kidogo chenye fundo. Nilikifungua. Kilikuwa na pilipili manga, iliki na binzari nyembamba, vimekaangwa pamoja. Bizari ya mama yake, basi. Alikuwa anaificha ili Bibi asione kwamba bizari ya nyumba ile haimtoshi.

Bibi alipona, akaishi miaka mingine sita, akafa akiamini. Mjomba akaoa tena, akarudi kulala hotelini na kuja Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi nikapata majibu yangu, nikaondoka, nikaolewa, nikazaa. Watu hudhani aliyekosea huona haya tu. Mimi nilizidi kushuku. Niliwatazama wapishi wote duniani, kwa kuwa nilijua kwa hakika kwamba mtu anaweza kukuletea mauti kwenye beseni, akakutazama usoni, akasema imekaa vizuri.

Sasa Bi Mejumaa huyo amekaa matangani mwa mjomba, kwenye mkeka wa mwisho karibu na mlango. Chakula kikaletwa, pilau, watu wanne kwa sinia. Akawekewa sinia mbele yake. Wanawake wakaingia kutoka uani wawili wawili, wakatazama, wakaona nani amekaa pale, wakapita kwenda kubanana watano na sita penginepo. Miaka arobaini! Wengine walikuwa hawajazaliwa, wameisikia tu. Yeye alikuwa ameweka mikono mapajani, hajagusa, anangoja mwenza. Nikainuka nikaenda nikakaa naye.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Mwanasiti? Umekuwa mtu mzima, mwanangu."

Tukala kidogo. Nikamuuliza habari za kwake, kwa kukosa la kusema nikamuuliza kama bado anapika ule wali wake. Akacheka kidogo, cheko kavu. "Mimi? Sijampikia mtu tangu nyumba hii. Nilipoolewa tena nilimwambia mume wangu, mkono wangu si mzuri, nitafutie mtu jikoni. Dada yangu akatupikia, sasa ni mkamwana. Wajukuu wangu hawaujui mchuzi wangu." Nikamwambia, "Lakini wewe hukufanya kitu." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto nisiyeelewa. "Nilikaa nikafikiri sana, Mwanasiti. Muhogo ulitoka pale pale pa siku zote. Wewe ulionja, hukudhurika. Basi kilichobaki ni nini? Kimebaki hiki." Akanyanyua mkono wake wa kulia, una punje za pilau, akaugeuza geuza. "Mimi sikutia kitu. Lakini huenda mkono wenyewe una jambo. Nimezunguka kwa masheikh mpaka nikachoka."

Nikalirudisha tonge siniani. Nikamwambia pale pale, kwa kunong'ona, kila kitu. Siafu. Upande wa kisimani. Vijiti nilivyovichomeka. Na kwamba sikuonja. Kwamba niligusisha upawa kidevuni nikamdanganya, kwa kuwa nilimdhania mchawi.

Hakulia. Aliosha vidole kwenye bakuli, kimoja kimoja, akavipangusa. "Rudia," akasema. Nikarudia. Nikaanza kusema nisamehe, akanikatiza. "Hilo baadaye. Wakati ule nilisemwa kwa sauti, mpaka kwetu walisikia. Wewe unaninong'oneza hapa kana kwamba tunaibiana. Simama, Mwanasiti."

"Bi Mejumaa, watu wako matangani."

"Ndiyo. Wako wote."

Nikasimama. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, bibi wa wajukuu. Nikasema, "Jamani, nisikilizeni," na mikono ikasimama juu ya sinia, hata waliokuwa uani wakaja kusimama dirishani. Nikasema muhogo niliuchimba mimi, kutoka ukingoni. Nikasema alinipa nionje, sikuonja, nikasema nimeonja. Nikasema nilijua kabla hajaachwa, na nilinyamaza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali. Nikamaliza. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa mkeka wa tatu, akasogea, akavuta leso yake, akapiga sakafu kando yake kwa kiganja mara mbili.

Bi Mejumaa akainuka, akaenda akakaa pale. Walimsogezea sinia, mmoja akamchambulia nyama akamwekea upande wake, naye akanyoosha mkono wa kulia akala pamoja nao.

Mimi nikakaa chini. Waliochelewa wakaingia kutoka uani, wawili wawili, wakitafuta pa kukaa. Wakaiona sinia yangu, imejaa, ina nafasi ya watu watatu. Wakanitazama, wakapita.